Fomu Iliuliza Idadi ya Watoto

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja, fotokopi iliyofifia, herufi za pembeni zimekatwa na mashine. Jina. Umri. Kazi. Hali ya ndoa. Kipaji. Idadi ya watoto. Mama aliijaza mezani kwetu Kayole, jioni moja mwaka 2009, githeri ikichemka, nami nimekaa upande wa pili nikijifanya nasoma. Kwenye idadi ya watoto akaandika 2. Akaweka kalamu chini, akaishika tena, akaitazama ile namba kama mtu anayehesabu chenji aliyorudishiwa na makanga.

"Si tuko wawili, ama?" nikamuuliza, kwa ile dharau ya mtoto wa miaka 15.

"Soma vitabu vyako," akasema.

Yalikuwa mashindano ya urembo ya akina mama. Kikundi fulani cha wanawake mtaani kilikuwa kimeyaandaa kuchangisha pesa. Ukumbi ulikuwa ule ule wa harusi na matanga, na zawadi ilikuwa jiko la gesi. Mimi niliona ni aibu tupu. Mathe wangu alikuwa na miaka 38 na alikuwa anauza mitumba Gikomba. Miguu yake ilikuwa na misuli kama ya mchezaji wa raga, na hakuwa amewahi kutueleza vizuri aliitoa wapi. "Nilikuwa nakimbia shule," alisema tukimbana, na mambo yakaishia hapo. Sasa eti apande jukwaani na viatu virefu! Niliomba Mungu wanafunzi wenzangu wasisikie.

Siku hizi nikiikumbuka ile fomu siifikirii aibu. Namfikiria mtu aliyeitunga. Kwa nini swali la watoto liwe pale, katikati ya kazi na kipaji? Jibu lake ni refu, na linaanzia mbali sana na Kayole.

Mwaka 1951, London, bwana mmoja anayeitwa Eric Morley aliandaa shindano la wasichana waliovaa bikini, wakati Uingereza ikifanya tamasha kubwa la kitaifa. Ndiyo ikawa Miss World. Mwaka uliofuata, huko Long Beach, California, Miss Universe ikaanza, nyuma yake kampuni iliyokuwa inauza nguo za kuogelea. Yote mawili yalikuwa biashara, na bidhaa ilikuwa msichana asiye na jana. Asiwe ameolewa, asiwe na mtu nyumbani anayemngoja. Anayetazama alipaswa kuamini kwamba maisha ya huyu binti yanaanza pale jukwaani, taa zikiwaka.

Mwaka 1957 Leona Gage wa Maryland akashinda Miss USA. Kabla mashindano ya Miss Universe ya mwaka huo hayajaisha, siri ikatoka: alikuwa ameolewa, na alikuwa na watoto wawili. Umri wake ulikuwa miaka 18 tu. Wakamvua taji, akapewa aliyemfuata. Kura za majaji zilikuwa zilezile na sura ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa watu walijua kuna watoto.

Mtu atasema, si mama angeenda kwenye mashindano ya mama? Yalikuwepo. Mrs. America ilianza New Jersey mwaka 1938, na katika miaka yake ya mwanzo washiriki walipimwa kwa kupika, kupiga pasi na kutandika kitanda. Katikati ya miaka ya 1980 yakaja ya dunia nzima, na Rosy Senanayake wa Sri Lanka akawa mshindi wa kwanza. Mwaka 2018 huyo huyo akawa meya wa Colombo, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Kwa hivyo sitayacheka. Lakini angalia mlango wake: ili uingie, uwe mke wa mtu. Mlango mmoja unataka msichana asiye na mtoto, na mwingine unataka mke mwenye mume. Sasa yule mwenye mtoto na hana mume apitie wapi?

Helen Morgan aligundua jibu mwaka 1974. Alitoka Wales, na mwezi wa Novemba akavikwa taji la Miss World pale Royal Albert Hall, London. Hakuwa ameolewa. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi 18. Magazeti yakaamka, yakapiga kelele kuhusu Miss World ambaye ni mama bila ndoa, na baada ya siku nne akajiuzulu. Siku nne! Hata lile taji halikuwa limemzoea. Likaenda kwa Anneline Kriel wa Afrika Kusini. Kwa miaka mingi, kosa la Helen Morgan ndilo nililoona linafanana zaidi na la mama yangu: kuwa mzazi mahali ambapo hakuna kisanduku cha kuweka tiki.

Lakini mama yangu alianza kwa riadha, sio urembo. Na huko nako kulikuwa na fomu zake, hata kama hazikuandikwa.

Mwaka 1948 Fanny Blankers-Koen wa Uholanzi alienda Olimpiki ya London akiwa na miaka 30 na watoto wawili. Meneja wa timu ya Waingereza alisema amezeeka. Kuna waliomwandikia barua kumwambia akae nyumbani alee. Akarudi na dhahabu nne: mita 100, mita 200, mita 80 kuruka viunzi, na mbio za kupokezana vijiti. Nao magazeti wakampa jina gani? Mama wa nyumbani anayepaa. Majirani zake Amsterdam wakamzawadia baiskeli, asikimbie sana. Dhahabu nne, na bado watu walikuwa na haja ya kumrudisha jikoni angalau kwa jina, ndipo waweze kumpigia makofi kwa amani.

Mmarekani Wilma Rudolph alikuwa kesi nyingine. Alipata mtoto mwaka 1958, bado kijana wa shule ya upili. Familia yake ikasaidia kumlea huyo mtoto, yeye akaenda chuoni Tennessee, na mwaka 1960 huko Roma akashinda dhahabu tatu. Dunia ikasimulia jinsi alivyougua polio utotoni na kuvaa chuma mguuni, hadithi nzuri ya kuinua moyo. Mtoto hakutajwa sana. Polio ilikuwa jana inayokubalika, mtoto hakuwa.

Hapa kwetu, aliyetangulia katika mbio za mama yangu ni Sabina Chebichi. Alipata shaba ya mita 800 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1974 huko Christchurch, New Zealand, akiwa bado msichana mdogo, mwanamke wa kwanza Mkenya kupata medali kwenye michezo hiyo. Alikuwa tayari ana jina la kifalme kutoka magazetini: binti mfalme wa petikoti, kwa sababu aliwahi kushinda mbio akiwa amevaa petikoti. Nalipenda jina hilo na pia linanichoma. Msichana amewaacha wenzake nyuma, nasi tunamvika taji kwa sababu ya nguo.

Mwalimu wa michezo wa mama alikuwa anawataja wasichana kama huyo akiwafundisha. Mama alikuwa shuleni karibu na Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, baridi ya asubuhi inauma masikio. Walikuwa darasa la kwanza la sekondari la 8-4-4, wale waliosubiriwa kufanya KCSE ya kwanza kabisa mwaka 1989. Alikuwa mzuri. Mwaka 1988, kidato cha tatu, alikuwa anawashinda wasichana wote wa wilaya. Kisha akashika mimba.

Barua ya shule ilikuwa na mistari mitatu. Kijana aliyehusika alikuwa shule nyingine. Yeye alimaliza masomo. Sera ya kuwaruhusu wasichana kurudi shule baada ya kujifungua ilikuja mwaka 1994, mwaka niliozaliwa mimi, na kwa mama ilikuwa imechelewa miaka sita. Septemba ile ya 1988 alikuwa nyumbani kwa Cucu akisikiliza Olimpiki ya Seoul kupitia redio, Sauti ya Kenya. Akasikia Paul Ereng akishinda dhahabu ya mita 800. Kenya ilirudi na dhahabu tano, zote za wanaume. Mwanamke Mkenya wa kwanza kupanda jukwaa la Olimpiki alikuwa Pauline Konga, kwa fedha yake ya mita 5,000 huko Atlanta, na hiyo ilikuwa 1996.

"Nilizima redio," Mama aliniambia. "Sio kwa hasira. Betri ilikuwa ya Cucu."

Mtoto akazaliwa Februari 1989. Cucu, ambaye bado alikuwa katika miaka ya arobaini, akasema neno moja tu: huyu ni wangu. Majirani walijua, kanisa lilijua, na wote wakakubaliana kutojua. Mama akaja Nairobi kuanza maisha akiwa kama mtu asiye na jana. Akaolewa na baba yangu, akanizaa mimi na kaka yangu. Kila Krismasi tulipanda matatu kwenda Nyahururu kumwona Cucu, na Anti, dada mdogo wa Mama, aliyekuwa ananinunulia peremende na kunisuka nywele.

Haya yote sikuyajua nilipokuwa nimekaa ukumbini ile Jumamosi ya 2009, nimejificha safu ya nyuma. Cucu alikuwa amesafiri kuja kutazama, na Anti yuko kando yake. Washiriki walikuwa kumi na wawili. Mama alitoka akiwa na gauni la kijani la kuazima, anatembea haraka mno, kama mtu anayetafuta laini yake uwanjani kabla ya bunduki kulia. Kijana aliyekuwa anaendesha shughuli, maikrofoni mkononi, alikuwa anawauliza wote maswali yale yale kutoka kwenye fomu.

"Na Mama yetu hapa ametubarikia na watoto wangapi?"

"Watatu."

Kijana akaangalia karatasi. "Hapa mimi naona wawili, Mama."

"Fomu nilikosea. Ni watatu. Wa kwanza nilimpata nikiwa form three, nikafukuzwa shule. Nilikuwa nakimbia mita 800."

Alisema hivyo kwa sauti ya kutaja bei ya sweta. Ukumbi ukatulia. Halafu mwanamke mmoja katikati akasema kwa nguvu, "Eeh, mimi pia," na watu wakacheka, lakini sio kwa ubaya. Mimi nilikuwa nahesabu. Mimi, kaka yangu, na nani? Nikageuka kumtafuta Cucu, anieleze kwa macho. Cucu alikuwa anatazama mkoba wake. Anti alikuwa anapiga makofi.

Hapo ndipo nilipojua.

Mama alishinda. Sitadai alishinda kwa sababu ya ukweli wake. Pengine ni lile gauni. Kwa upande wa kipaji aliimba wimbo wa kanisani, na aliimba vibaya. Lakini walimvika taji la plastiki na utepe begani, wakampa jiko la gesi, na akalibeba mwenyewe hadi nje akiwa bado amevaa taji, kwa sababu hakuna aliyejitolea kumsaidia. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Sikumsemesha wiki mbili.

Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na jina lake. Nilidhani namwonea Anti huruma, kumbe najionea mwenyewe. Nilipompigia simu nikilia, kumwambia pole kwa kufichwa, akanyamaza kidogo.

"Kufichwa nani?" akasema. "Mimi Cucu aliniambia nikiwa na miaka 13. Uliyefichwa ni wewe."

Mama mwenyewe alinieleza mengine siku moja Gikomba, tukipanga nguo za watoto kwa saizi. Nilimuuliza kwa nini aliandika wawili halafu akasema watatu. Akasema mkono uliandika kwa mazoea. Ameandika wawili kliniki, shuleni kwetu, kanisani, kila mahali, kwa miaka kumi na tano. "Lakini kuandika ni wewe na karatasi," akasema. "Pale juu msichana wangu alikuwa ananiangalia. Ningesema wawili mbele yake?"

Hicho ndicho ambacho historia ya hayo mataji imenifundisha polepole. Kanuni zile zilimwathiri mshiriki, na pia mtoto aliyekuwa nyumbani. Wale wawili wa Leona Gage, na yule wa miezi 18 wa Helen Morgan, walikua wakiwa ndio sababu ya taji kupotea. Mtu anayetunga swali la fomu hamwoni huyo mtoto. Anadhani anauliza kuhusu mama.

Na mambo yalibadilika, ingawa pole pole. Angalia mwaka 2018 peke yake. Septemba, huko Ukraine, Veronika Didusenko alivikwa taji la Miss Ukraine, na siku chache baadaye wakamvua kwa sababu ana mtoto. Yeye hakunyamaza kama walivyonyamazishwa wa zamani. Mwaka uliofuata akaichukulia Miss World hatua ya kisheria, akidai haki ya kuwa mama. Mwaka huo huo wa 2018, Juni, Faith Kipyegon wetu alimzaa binti yake, Alyn. Alikuwa tayari na dhahabu ya mita 1,500 ya Rio, na wapo waliodhani imetosha.

Mwaka 2019 Mmarekani Allyson Felix akatoka hadharani kueleza jinsi mazungumzo ya mkataba wake na Nike yalivyobadilika baada ya kupata mimba, na kampuni ikalazimika kubadilisha masharti yake kwa wanariadha wajawazito. Mwaka 2021 Kipyegon akashinda Tokyo. Kisha ukafika 2023. Kati ya Juni na Julai mwaka huo, mama Alyn alivunja rekodi tatu za dunia: mita 1,500, mita 5,000 na maili. Na Novemba, huko El Salvador, Miss Universe ikawafungulia mlango akina mama na walioolewa kwa mara ya kwanza. Camila Avella wa Colombia, mke na mama, akafika tano bora. Miaka 66 ilikuwa imepita tangu Leona Gage.

Sisemi rekodi za Kipyegon ndizo zilizofungua mlango wa Miss Universe. Hao watu hawajuani. Lakini nadhani ni kizazi kimoja cha wanawake waliochoka kuandika wawili.

Agosti 2024 tulitazama fainali ya mita 1,500 ya Paris nyumbani kwa Mama, sote watatu. Siku hizi namwita Anti kwa jina lake, ingawa ulimi bado unateleza, na watoto wake wanamwita Mama "Cucu" bila kujua neno hilo liligharimu nini. Kipyegon alipotangulia kwenye laini kwa dhahabu yake ya tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya kwenye mita 1,500, dada yangu alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Mama hakupiga kelele. Alikuwa ameegemea mbele, viwiko kwenye magoti, midomo inasogea. Alikuwa anahesabu mizunguko.

Lile taji la plastiki liko juu ya kabati, ndani yake mna pini za kuanikia nguo. Nilipomwambia nataka kuandika habari zake, nilitegemea anikataze, au aniombe nisimtaje Cucu. Alifikiria kidogo, akaniambia niandike yote, watoto watatu, barua ya shule, hata kwamba aliimba vibaya.

"Lakini usiwe kama wale wa magazeti," akasema. "Usiandike nguo peke yake. Weka na muda wangu."

Basi nauweka, kwa kuwa hakuna kitabu kingine kilichouandika: mita 800, uwanja wa murram, bila viatu, mwaka 1988. Dakika 2, sekunde 14.